Mkuu wa Chuo Hashindwi

Chuoni walimwita Samahani, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hakuweza kuuliza hata saa bila kuomba radhi kwanza. Samahani, hapa ndipo darasa la ugavi? Samahani, naomba nipite. Siku moja mlango wa maktaba ulimbamiza bega, naye akageuka akauomba mlango samahani. Tangu hapo hakuna aliyemwita vinginevyo.

Alikuwa anasomea ugavi, yaani kazi ya kununua, kupokea na kutunza mali za ofisi. Kozi hiyo aliichagua kwa sababu moja tu: aliambiwa haina hesabu. Aliyemwambia alimdanganya, lakini alipokuja kujua alikuwa ameshanunua godoro la bwenini na kuwaaga watu wote wa mtaani, na kurudi nyumbani ingekuwa aibu kubwa kuliko kufeli.

Hesabu alianza kuiogopa shule ya msingi. Mwalimu alimsimamisha ubaoni, akamwuliza saba mara nane. Alipokuwa bado anafikiri, mwalimu akamwambia, "Kaa chini mama, wewe utaolewa." Darasa zima likaangua kicheko. Alikaa chini, na kwenye hesabu hakusimama tena. Matokeo ya sekondari yalipotoka, mama yake, fundi cherehani ambaye maisha yake yote yamepita kati ya futi na mkasi, aliitazama ile alama ya hesabu kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hiyo ni alama au wino umemwagika.

Basi akiwa mwaka wa pili, Mkuu wa Chuo alisafiri kwenda kwenye kongamano. Alirudi na mkoba wa kitambaa wenye maandishi, kofia yenye maandishi na macho yanayong'aa. Aliitisha mkutano wa chuo kizima uwanjani, jua likiwa utosini.

"Nimegundua tatizo la chuo chetu," alisema kwenye kipaza sauti. "Tatizo letu ni matatizo."

Makamu wake, mtu mwembamba aliyekuwa akisimama nusu hatua nyuma yake hata wakiwa wamekaa, alianzisha makofi.

"Na matatizo hayatatuliwi kwa sababu hatuna watatuzi! Kuanzia muhula huu kila mwanafunzi, awe wa ugavi, awe wa ukatibu, awe wa ufundi bomba, atasoma somo jipya. Linaitwa Utatuzi wa Matatizo kwa Njia ya Mafumbo na Michezo ya Hesabu."

Kufikia neno hesabu, makofi yalibaki ya Makamu peke yake.

Wakati huo ghorofa ya juu ya bweni la wasichana haikuwa imeona maji kwa muda ambao wasichana wenyewe walikuwa wameacha kuuhesabu. Msichana mmoja wa ufundi bomba alinyoosha mkono akauliza kama somo hilo jipya lingegusa suala la maji. Mkuu alimsifu kwa swali zuri, akasema maji si fumbo, maji ni bajeti, akaenda kunywa chai.

Ratiba ilipobandikwa, somo la Utatuzi wa Matatizo lilikuwa limepangwa chumba kile kile na saa ile ile na somo la Maadili ya Kazi. Wanafunzi wa masomo yote mawili walifika, wakajazana mlangoni. Mhadhiri wa Maadili alitumia kiwiko akaingia wa kwanza, akafunga mlango kwa ndani. Waliobaki nje walikwenda ofisi ya taaluma kulalamika. Karani aliinua uso kutoka kwenye simu yake.

"Ninyi si ndio Utatuzi wa Matatizo?" aliuliza. "Basi tatueni."

Wakaishia kwenye bwalo la chakula, kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kwenye meza zilizonata chai ya siku nyingi. Humo ndimo walimokutana na mhadhiri wao. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya raba na sauti ya chini iliyowalazimisha watu kunyamaza. Alichukua kitambaa akafuta meza moja mwenyewe, kisha akamwaga juu yake boksi zima la njiti za kiberiti. Kabla hajajitambulisha walikuwa wameshampa jina: Madam Njiti.

"Tutaanza na fumbo mnalolijua," alisema. "Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani. Anataka kuvuka mto, na mtumbwi wake unabeba yeye na kimoja tu."

"Mbuzi kwanza!" ilipasuka sauti kutoka meza ya mbele.

Alikuwa Injinia. Injinia hakuwa injinia. Alikuwa anasomea ukatibu muhtasi, ila alitembea na kikokotoo kwenye mfuko wa shati, kalamu tatu pembeni yake, na alipenda kusema "kitaalamu" kabla ya kila neno. Fumbo la chui na mbuzi alilikariri tangu utotoni, na alilimwaga lote bila kupumua, kuvuka kwenda na kuvuka kurudi. Wenzake wakampigia meza.

"Vizuri," alisema Madam. "Sasa lingine. Wakubwa watatu wa ofisi na mzigo mmoja wa mafaili wanataka kupanda ghorofani kwa lifti inayobeba—"

"Kitaalamu, mbuzi kwanza!" alisema Injinia.

Bwalo zima lilicheka mpaka mpishi akachungulia dirishani. Injinia hakuelewa kilichochekesha. Alifungua daftari lake akatazama, na kweli, pale palikuwa pameandikwa mbuzi kwanza.

Madam Njiti hakucheka. Alihesabu njiti ishirini na moja, akazipanga katikati ya meza. "Mafumbo tuyaache kidogo. Huu ni mchezo. Watu wawili, zamu kwa zamu. Ukifika zamu yako unachukua njiti moja, mbili au tatu. Huwezi kuacha kuchukua. Anayechukua ya mwisho ameshinda. Chezeni."

Samahani alicheza na kila mtu, na kila mtu alimfunga. Alifungwa na Injinia, akafungwa na msichana wa ufundi bomba, akafungwa hata na mtu aliyekuwa amelala nusu ya kipindi. Kipindi kilipokwisha alibaki anaokota njiti zilizodondoka chini ya meza, akitamani na yeye mwenyewe angebaki huko huko chini.

"Mbona unakimbilia kuchukua?" aliuliza Madam Njiti.

"Samahani, Madam. Mimi hesabu sijaumbiwa."

"Nani kakwambia?"

Samahani alitaka kumtaja yule mwalimu wa shule ya msingi, lakini ghafla akaona ni jambo la ajabu kwamba mtu aliyemwona mara ya mwisho akiwa na meno ya utoto bado alikuwa anamjibia maswali.

"Njiti ishirini na moja ni nyingi," alisema Madam. "Hata mimi zinanichanganya. Zitoe mezani." Akazikusanya zote kwa kiganja, akaacha nne. "Zamu yako. Ungechukua ngapi?"

Samahani aliziangalia. "Nikichukua moja, zinabaki tatu, utazichukua zote. Nikichukua mbili, utachukua mbili. Nikichukua tatu..." Akasita. "Samahani, hapa nimekwisha."

"Kwa hiyo nne ni nini?"

"Ni shimo."

"Ni shimo. Anayekutana na nne kwenye zamu yake ametumbukia. Haya." Madam aliongeza moja. "Tano."

"Nachukua moja. Wewe unakutana na nne."

"Sita?"

"Nachukua mbili!" Samahani alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Saba, nachukua tatu. Nane..." Alichukua moja kimoyomoyo, akachukua mbili, akachukua tatu. Kila njia ilimrudisha mikononi mwa mwenzake. "Nane ni shimo lingine! Madam, yatakuwa mengi. Nne, nane, kumi na mbili, kumi na sita, ishirini. Yeye akichukua moja mimi nachukua tatu, akichukua tatu mimi moja. Namsukuma tu kutoka shimo hadi shimo!"

Alikuwa amesimama, amekunja mikono ya blauzi, na hakukumbuka kuomba samahani. Mpishi alikuja kuwafukuza kwa sababu wali ulikuwa tayari, na Samahani aliondoka akipepesuka kidogo, kama mtu aliyetoka kwenye bembea.

Wiki hiyo alimfunga kila aliyemfunga. Injinia alitaka marudiano mpaka njiti zikaisha vichwa, na kila alipofungwa alisema kwamba kitaalamu upepo ulikuwa mbaya. Mwisho wa wiki Samahani alikwenda nyumbani, akamwekea mama yake vifungo ishirini na kimoja kwenye meza ya cherehani. Mama alifungwa mfululizo, akavua miwani.

"Kwa hiyo ndio masomo yenyewe hayo? Kunyang'anya mama yako vifungo?"

"Ni hesabu, mama."

"Hesabu?" Mama alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayempima nguo. "Hesabu na wewe mmepatana lini?"

"Juzi, bwaloni."

Mama alivaa miwani yake, akavipanga vifungo upya, na akamwambia amwoneshe polepole.

Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni habari zilipofika kwamba wakaguzi wanakuja. Wakaguzi hao ndio huamua kama chuo kiendelee kuitwa chuo. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Maua yaliletwa na gari, yakapandwa yakiwa bado kwenye mifuko ya plastiki ili yarudishwe baadaye. Maji yalianza kutoka ghorofa ya juu ya bweni. Na Mkuu akatangaza kwamba kilele cha ziara kitakuwa Maonesho ya Utatuzi wa Matatizo, ambapo yeye mwenyewe atacheza mchezo wa njiti na mwanafunzi mbele ya wageni.

Mkuu alikuwa ameupenda mchezo ule kupita kiasi. Aliucheza ofisini kila siku baada ya chakula, na hakuwa amefungwa hata mara moja. Alimshinda Makamu, akamshinda mhasibu, akamshinda dereva wake. Alimshinda hata karani wa ofisi ya taaluma, ambaye siku hiyo alikuwa na ombi la likizo. Mkuu alikuwa ameanza kuamini kwamba ana kipaji.

Makamu ndiye aliyekuja bwaloni kuchagua mpinzani. Madam Njiti alimtaja Samahani, kwa kuwa ndiye bora darasani. Makamu alimchukua Samahani pembeni, karibu na masufuria.

"Binti, unajua kwamba Mkuu hashindwi?"

"Samahani, hashindwi kivipi?"

"Hashindwi. Ni kama vile," alitafuta mfano, "ni kama vile lami haioti majani. Wewe cheza vizuri, pendeza, halafu mwishoni ushindwe vizuri. Wakaguzi wafurahi, Mkuu afurahi, chuo kisonge mbele. Huo ndio utatuzi wa matatizo wenyewe."

Samahani alimpelekea Madam Njiti maneno yale. Madam alikuwa anasahihisha kazi, na kalamu yake ilisimama.

"Unataka nikwambie nini?"

"Uniambie nifanye nini, Madam."

"Mimi nakufundisha kutazama tatizo. Nikikuchagulia na la kufanya, nitakuwa nimekufundisha nini?" Akaendelea kusahihisha kwa muda, kisha akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Mimi nisingekulaumu ukishindwa. Unahitaji cheti."

Samahani aliamua kushindwa. Si kwa woga tu. Aliona ni jambo dogo, njiti tu hizo, na mama yake alikuwa anashona usiku na mchana kumsomesha.

Ukumbi mkubwa ulijaa. Wakaguzi walikaa mbele, wakiongozwa na mwanamama mrefu mwenye nywele fupi za mvi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajatabasamu. Alishaligusa ua moja kwa ncha ya kiatu na kuliona likisogea na mfuko wake. Kwenye jukwaa paliwekwa meza yenye kitambaa cheupe, kiti cha Mkuu chenye mikono na mto, na kiti cha plastiki. Njiti ishirini na moja zilipangwa juu ya sinia la kioo, na Makamu akatangaza kwamba anayechukua ya mwisho ndiye mshindi.

"Kwa kuwa mimi ni mkubwa," alisema Mkuu, "naanza." Akachukua tatu.

Samahani alichukua moja. Mkuu akachukua tatu tena. Samahani akachukua moja. Mkuu alichukua tatu kila zamu, kwa vile tatu ndizo nyingi zaidi zilizoruhusiwa, na hakuona sababu ya mtu mwenye cheo chake kuchukua pungufu. Samahani aliyaruka mashimo yote kwa uangalifu ili asimtumbukize, na haikuwa kazi rahisi, maana Mkuu alicheza kama mtu anayetafuta shimo kwa tochi. Zilipobaki sita, Samahani alichukua tatu, akaziacha tatu za mwisho mbele ya Mkuu. Hakubakiza nafasi ya kukosea. Alilisogeza hata lile sinia karibu yake.

Mkuu alinyoosha mkono. Kisha akawatazama wakaguzi, na wazo likamjia.

"Wageni waheshimiwa," alisema, "kiongozi makini hatumii kila kilichopo. Chuo hiki kinabana matumizi." Akachukua mbili, akaegemea mto.

Njiti moja ilibaki kwenye sinia.

Samahani aliitazama njiti ile. Alimtazama Makamu, ambaye uso wake ulikuwa umepauka kama yale mawe ya nje. Sheria ilisema huwezi kuacha kuchukua. Alitafuta mahali pa kutokea akapakosa, akanyoosha vidole viwili, akaiokota.

"Samahani, Mkuu," alinong'ona. "Nimeshinda."

Kisha Mkuu akacheka, kicheko kirefu cha mtu anayenunua muda.

"Umeshindwa, binti! Anayebaki na ya mwisho ndiye anayeshindwa. Ndivyo wanavyocheza kwenye makongamano. Kwa hiyo nimeshinda mimi."

Makamu akapiga makofi. Walimu wakapiga makofi. Wanafunzi wakatazamana.

"Sijaelewa," alisema mkaguzi mkuu kutoka kiti chake. "Mlipoanza, mlitangaza kwamba wa mwisho ndiye mshindi. Sheria ni ipi?"

"Sheria ni hii ya sasa," alisema Mkuu.

"Basi chezeni kwa hiyo, tuione."

Samahani alikuwa amekuja kushindwa, na moyoni alikuwa ameridhika kabisa. Lakini kuna kushindwa, na kuna kuambiwa umeshindwa baada ya kushinda. Masikio yalimpata moto. Mkuu alipokuwa anajivuta kwenye mto, Samahani alifanya alichofundishwa: alizitoa njiti zote mezani kichwani mwake, akaacha moja. Sasa moja ndiyo shimo. Ukikutana nayo, umekwisha. Akaongeza nne: tano ni shimo. Tisa ni shimo. Akaendelea mpaka ishirini na moja, akakuta na yenyewe ni shimo. Na Mkuu, kwa kuwa ni mkubwa, alikuwa ameshaanza.

Safari hii hakuyaruka mashimo. Mkuu alichukua mbili, naye mbili. Mkuu tatu, naye moja. Hakuharakisha. Mkuu alianza kutoa jasho kwenye paji la uso, akaanza kufikiri kwa muda mrefu, akachukua moja kwa mashaka. Samahani akachukua tatu. Kutoka viti vya nyuma msichana wa ufundi bomba alianza kuhesabu kwa sauti, na wenzake wakamfuata. Mwishoni Mkuu alibaki na njiti moja mbele yake, ikimtazama.

"Unaweza kuichukua," alisema mkaguzi mkuu kwa upole.

Mkuu hakuichukua. Aliagiza njiti zipangwe upya. Alisema mchezo wa kweli ni mizunguko mitatu, wa mwisho ashinde kama zamani, na kwamba kuna jambo dogo alisahau kulieleza. "Mwanafunzi anachukua mpaka tatu. Mkuu wa taasisi, kutokana na majukumu yake, anaweza kuchukua mpaka nne."

Ukumbi uliguna. Samahani aliinamisha kichwa. Wengi walidhani analia, na Makamu alivuta pumzi ya kwanza tangu aingie. Lakini alikuwa anafikiri. Aliziacha nne mbele yake kimoyomoyo: achukue moja, mbili au tatu, Mkuu anafagia zilizobaki. Tano: hivyo hivyo, kwa kuwa Mkuu sasa anaweza kuchukua nne. Sita: akichukua moja, Mkuu naye atachukua moja tu na kumrudisha kwenye nne, akichukua zaidi, Mkuu anafagia. Alijaribu saba. Alijaribu nane. Alitafuta shimo lolote la kumtumbukiza Mkuu, hata dogo, na halikuwepo. Mashimo yote yalikuwa upande wake.

Akainua kichwa.

"Samahani, Mkuu. Mchezo huu mtu aliyekaa kiti hiki hawezi kuushinda, akili yake iwe nyingi namna gani. Si kwamba ni mgumu. Haushindiki. Naweza kukuonesha, tukianza na njiti nne."

"Kwa hiyo unakubali umeshindwa?" aliuliza Mkuu, uso ukianza kumkunjuka.

"Hapana, Mkuu. Nakubali kucheza. Naomba tu tubadilishane viti."

Kilichofuata hakikuwa kicheko cha kawaida. Kilianzia nyuma, kikapita juu ya vichwa vya walimu waliokuwa wameng'ata midomo, kikafika mbele, na yule mwanamama wa mvi alitoa leso akajifuta macho.

"Kiti hiki," alisema Mkuu alipopata nafasi, akikishika mikono yote miwili, "ni cha ofisi. Hakikaliwi na mwanafunzi."

"Tumeona," alisema mkaguzi mkuu, akafunga kalamu yake.

Jioni ile Samahani alifungasha begi. Alijua atafukuzwa. Akampigia mama yake kumtayarisha.

"Umemtukana?" aliuliza mama.

"Sijamtukana. Nimeomba tubadilishane viti."

"Kwa adabu?"

"Nilisema samahani."

"Basi fungua begi," alisema mama. "Akikufukuza nitakuja mimi na futi yangu."

Hakufukuzwa. Wakaguzi waliandika kwamba miundombinu ni mibovu, maua yako kwenye mifuko, ila somo la Utatuzi wa Matatizo linafundishwa kwa kiwango ambacho hawajakiona kwingine. Chuo kikaidhinishwa kwa sababu ya somo hilo. Mkuu alisoma sentensi hiyo mara nyingi, na kila alipoisoma alikumbuka kidogo kidogo kwamba yote yale alikuwa ameyapanga mwenyewe. Mwezi haukuisha, picha yake kubwa ikawekwa getini: ameshika njiti moja juu, kama mwenge, na chini yake pameandikwa, "Hapa Tunatatua." Samahani alikuwepo kwenye picha pia, upande wa kushoto. Kilionekana kiwiko chake.

Madam Njiti alipandishwa cheo. Alifanywa Mwenyekiti wa Kamati ya Maegesho ya Magari, katika chuo chenye magari manne, na kwa uzito wa majukumu hayo akaondolewa darasani. Samahani alimkuta ofisini akitoa vitabu kwenye rafu.

"Ni kwa sababu yangu, Madam."

"Usijipe ukubwa," alisema Madam, akimtwisha vitabu mikononi. "Ni kwa sababu yangu mimi. Ningeweza kumtaja Injinia." Akacheka peke yake, kisha akamtazama vizuri. "Nimeshapata kazi kwingine, nisikufiche. Wewe una mpango gani?"

"Kumaliza ugavi."

"Na baada ya hapo?"

Samahani aliviegemeza vitabu kifuani visimdondoke, akavibeba mpaka nje.

Somo lilikabidhiwa kwa Makamu. Alilirudisha kwenye chumba chenye ubao, akapiga marufuku njiti kwa usalama wa majengo, akaanza kusoma imla. "Andikeni. Fumbo la kwanza, jibu. Fumbo la pili, jibu. Kutatua tatizo, nukta mbili, ni kupata jibu lililoidhinishwa." Injinia alistawi kama mchicha. Alijaza daftari tatu, akapata alama ya juu kabisa chuoni, na Mkuu mwenyewe akamvisha medali. Samahani alipata alama ya katikati, kwa kuwa kwenye mtihani alieleza kwa nini, na mwongozo wa kusahihisha haukuwa na sehemu ya kwa nini. Maji ya ghorofa ya juu yaliondoka na wakaguzi.

Alimaliza ugavi, akapata kazi kwenye ghala la dawa za hospitali. Ilikuwa kazi nzuri, na mama yake aliacha kushona usiku. Lakini swali la Madam halikumtoka. Akaenda chuo kikuu kuulizia kusoma takwimu, na kwenye dirisha la usajili akaambiwa kwamba hawezi kupokelewa kwa ile alama yake ya hesabu ya sekondari. Lazima arudie mtihani wa hesabu.

"Utakaa na watoto?" aliuliza mama.

"Kuna darasa la watu wazima. Jumamosi asubuhi."

Lilikuwa chumba cha juu ya duka la vipuri, na madawati yake yalikuwa ya wanafunzi wa darasa la kwanza, kiasi kwamba magoti yalipanda mpaka kifuani. Kulia kwake alikaa kinyozi aliyetaka kuwa rubani. Kushoto alikaa mwanamke aliyembeba mtoto mchanga, na mtoto alikuwa amelala fofofo. Mwalimu, kijana mwenye haraka, aliandika swali la pembetatu ubaoni, akageuka.

"Nani anaanza?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Samahani hakulijua jibu. Alilisoma swali mara mbili, akachukua kalamu, akachora pembetatu ndogo pembeni ya karatasi. Haikukaa sawa, akachora nyingine.

"Dada pale," alisema mwalimu, "unajua au hujui?"

"Bado," alisema. "Nipe muda."

Kinyozi alivuta dawati lake karibu ili aone anachora nini.